Tupeane uzoefu: Esposito, Colombo, Innocenti… kufuatilia jina la ukoo la Kiitaliano hadi lilikoanzia

Mwanzisha uzi

Wadau, humu tukusanye ujuzi wa kufuatilia majina ya ukoo ya Kiitaliano, hasa yale waliyopewa watoto waliookotwa. Wapo wenzetu Ulaya na Amerika walioingia kwenye familia hizi kwa ndoa, na watoto wao wanauliza jina limetoka wapi. Kila mwenye ujuzi aweke anachokijua kwa undani: hatua, nyaraka, na mahali watu wanapokwama.

Naanza na Esposito, mojawapo ya majina yaliyoenea zaidi Italia nzima, na ngome yake ni Napoli. Chanzo ni Kilatini *expositus*, aliyewekwa nje. Taasisi ya Annunziata pale Napoli ilikuwa na gurudumu: pipa la mbao lenye uwazi upande mmoja, limepachikwa kwenye tundu la ukuta unaotazama barabara. Aliyeleta mtoto alimlaza ndani, akalizungusha, na aliyekuwa zamu upande wa pili akampokea bila kuona sura ya aliyemleta. Lilifungwa 1875. Vizazi kwa vizazi vya watoto waliopita hapo waliandikwa jina moja, Esposito. Joachim Murat, aliyekuwa mfalme wa Napoli 1808 hadi 1815, ndiye aliyeikomesha desturi hiyo, kwa sababu jina lilimtangaza mtu kila alipolitaja. Wale waliokuwa nalo tayari waliendelea nalo na kuwarithisha watoto wao.

Kwa hiyo akina Esposito si ukoo mmoja. Ukikuta wawili mtaa mmoja, kanisa moja, mwaka mmoja, usiwaunganishe mpaka uone karatasi. Miti mingi ya ukoo iliyoko mtandaoni imeharibikia hapo.

Mtunza Madaftari

Umegusa penyewe, mkuu. Niongeze kwamba kila mji ulikuwa na jina lake, hivyo jina lenyewe linakuelekeza mlango wa kubisha. Milano walipewa Colombo, kwa kuwa nembo ya hospitali kuu ya mji, Ospedale Maggiore, ni njiwa. Desturi hiyo ilikoma 1825, na baada ya hapo kila mtoto alitungiwa jina lake. Firenze ni Innocenti, Degl'Innocenti na Nocentini, kutokana na Spedale degli Innocenti, jengo alilolisanifu Brunelleschi, ujenzi ukaanza 1419 na mtoto wa kwanza kupokelewa Februari 1445. Roma ni Proietti, kutoka hospitali ya Santo Spirito.

Tahadhari moja kubwa: si kila Colombo ametokana na mtoto wa kuokotwa. Colombo lilikuwepo pia kama jina la kawaida la mtu, na Christopher Columbus wa Genova hahusiani na hospitali ya Milano. Jina linakupa dhana tu. Ushahidi uko kwenye daftari.

Firenze kuna kitu cha kipekee. Wazazi wengi walimwachia mtoto alama: nusu ya medali, nusu ya sarafu, msalaba mdogo, shanga, utepe. Nusu nyingine walibaki nayo, ili siku wakirudi vipande vikutanishwe na mtoto atambulike. Alama hizo zimehifadhiwa hadi leo na nyingi zinaonyeshwa kwenye makumbusho ya Innocenti. Ukiangalia ile medali iliyokatwa katikati, picha ya mtakatifu imebaki upande mmoja wa uso tu.

Bint Masjala

Mimi niende kwenye hatua, maana ndipo watu wanapozunguka bure.

Anza na mtu wa karibu kabisa na urudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Kinachotakiwa ni jina la *comune*, yaani mji au kijiji chenye ofisi ya msajili. "Ametoka Napoli" haitoshi, maana mhamiaji wa kijiji cha mbali naye alijitambulisha kwa mji mkubwa.

Kisha jua usajili wa serikali ulianza lini. Ufalme wa Napoli upande wa bara ni 1809, Sicilia ni 1820, Italia iliyoungana ni 1866, Veneto ni 1871. Kabla ya hapo unategemea madaftari ya parokia. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1563 uliagiza ndoa na ubatizo viandikwe, na vifo viliwekewa utaratibu 1614. Sehemu kubwa ya madaftari ya serikali imepigwa picha na inasomwa bure kwenye tovuti za Portale Antenati na FamilySearch. Usitafute kwa kuandika jina pekee, kwa sababu majina ya madaftari ya miji mingi bado hayajaingizwa kwenye mfumo wa kutafutia. Fungua daftari la mwaka, nenda kurasa za mwisho kwenye faharasa, chukua namba ya hati, kisha rudi nyuma. Kuna pia faharasa za miaka kumi kumi, zinaokoa muda mwingi.

Mambo mawili yatakusaidia kusoma. Mwanamke wa Kiitaliano habadilishi jina katika hati hizi. Anabaki na jina la baba yake hata akiolewa, kwa hiyo upande wa mama haupotei. Na angalia neno linalotangulia jina la baba: *di Giuseppe* maana yake Giuseppe alikuwa hai siku ile, *fu Giuseppe* maana yake alikuwa marehemu. Kwa neno hilo dogo unajua kifo ukitafute kabla au baada ya tarehe ya hati.

Mzee wa Parokia

Dada, umemsahau mfalme wa nyaraka zote: *processetti*, yaani viambatisho vya ndoa. Kwa eneo la Napoli na Sicilia ni hazina. Waliotaka kuoana walileta nakala za ubatizo wao, na kama baba amefariki, nakala ya kifo chake. Baba akiwa hayupo, ridhaa ya ndoa ilikuwa ya babu mzaa baba, kwa hiyo kama naye amekufa ililetwa nakala ya kifo cha babu. Bahasha moja ya ndoa ya 1825 inaweza kukufikisha karne ya 18 bila kuingia kanisani.

Sasa kwa mtoto wa gurudumu. Hati yake ya kuzaliwa haifanani na nyingine. Mleta taarifa si baba. Ni mwanamke aliyeajiriwa kupokea watoto wa gurudumu. Inaandikwa saa aliyookotwa, umri wa kukadiria (mara nyingi "amezaliwa leo"), jinsia, alama mwilini, na nguo alizovikwa kitambaa kwa kitambaa. Mwisho msajili anaandika jina na jina la ukoo alilompa papo hapo. Usiruke maelezo ya nguo. Kama kuna utepe au kipande cha picha ya mtakatifu, ndicho mzazi angekitaja akirudi kumdai mtoto.

Mgeni wa Uzi

Nina swali, wakuu. Hati ya 1880 imeandika "mama hataki kutajwa jina". Hapo ndiyo mwisho wa safari?

Bint Masjala

Hapana, usikate tamaa. Baada ya magurudumu kufungwa, mkunga alikwenda kusajili mtoto na kusema mama *non consente di essere nominata*. Mara nyingi mama huyo, au baba, alimtambua mtoto baadaye kwa hati nyingine, au wazazi walifunga ndoa na mtoto akahalalishwa. Hilo linaandikwa pembeni mwa hati ya kuzaliwa.

Kosa la kawaida ni hili. Daftari la serikali liliandikwa nakala mbili: moja hubaki comune, ya pili hupelekwa mahakamani na baadaye kwenye hifadhi ya nyaraka ya mkoa. Picha nyingi za mtandaoni ni za nakala ile ya pili, na maandishi ya pembeni wakati mwingine hayakunakiliwa humo. Kwa hiyo andikia *Ufficio di Stato Civile*, yaani ofisi ya msajili ya comune, kwa Kiitaliano, taja jina kamili na tarehe, na uombe *copia integrale dell'atto di nascita*, yaani nakala kamili ya hati ya kuzaliwa. Ukiomba *certificato* (cheti) tu utaletewa jina, mahali na tarehe, basi. Angalia pia hati ya ndoa yao: watoto waliohalalishwa siku hiyo hutajwa ndani yake.

Mtunza Madaftari

Kwa wanaofuatilia waliokwenda Marekani: ile habari kwamba makarani wa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji pale New York, waliwabadilishia watu majina iacheni. Wale walifanya kazi kwa orodha ya abiria iliyoandaliwa na kampuni ya meli kabla ya kufika. Majina yalibadilika baadaye, shuleni, kazini na kwenye maombi ya uraia. Ukiwa na mwanaume, tafuta *liste di leva*, orodha za vijana wa kuitwa jeshini. Zinataja wazazi, mahali pa kuzaliwa, urefu na kazi, na aliyekuwa tayari ng'ambo mara nyingi huandikwa hivyo.

Mzee wa Parokia

La mwisho kwa upande wangu. Kwenye madaftari ya Kilatini, *expositus* mara nyingi ni maelezo ya hali ya mtoto, bado si jina la ukoo. Mtoto *Joannes expositus* anaweza kuoa miaka 25 baadaye akiwa Giovanni Esposito, Sposito au D'Esposito, na katika kijiji kingine akaandikwa kwa jina la familia iliyomlea. Linganisha umri, parokia na mashahidi wa ndoa kabla ya kusema ni mtu huyo huyo.