Video za kaseti za nyumbani: nizihariri vipi bila diski kujaa?

BintiWaLanet, Nakuru

Habari zenu wakuu. Nilipeleka kaseti zetu za VHS zigeuzwe faili: harusi ya wazazi ya 1993, ubatizo wetu, na matanga ya babu kule Vihiga. Diski ya nje niliyorudishiwa imejaa pomoni. Kila saa moja ya video ni kama gigabaiti 13, faili za AVI, na kaseti nyingi ni za saa tatu. Nataka kuondoa zile sehemu kamera ilipoachwa ikirekodi nyasi, nipange matukio, kisha niwatumie ndugu zangu, mmoja yuko Eldoret na mwingine Doha. Laptopu yangu ni ya kawaida, RAM 8.

Fundi mmoja hapa mjini alinishauri nipandishe kila kitu kiwe 1080, yaani HD kamili, ndipo kipendeze. Kwenye kipande nilichojaribu, uso wa mama haujawa wazi zaidi hata kidogo, na watu wakicheza, mikono yao inatoa mistari kama meno ya kitana. Naombeni msaada. Mama yupo na anazingoja kwa hamu.

OdhisKamera, Kisumu

Dada, kwanza usifute hizo faili kubwa. Gigabaiti 13 kwa saa ndicho kipimo cha DV, mfumo wa dijitali wa kuhifadhi video, na aliyekugeuzia alifanya kazi safi. Hiyo sasa ndiyo asili yako, kwa sababu kaseti zinaharibika. Huku kando ya ziwa nimefungua makasha nikakuta kanda zimeota ukungu mweupe ukingoni. Tafuta diski ya pili, nakili kila kitu, moja ikae kwako na nyingine kwa mama.

Habari ya 1080 achana nayo. Kenya tulikuwa tunatumia PAL, mfumo wa televisheni wa enzi hizo: pikseli 720 kwa 576, fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde, na VHS yenyewe haifikii hata nusu ya uwazi ambao DV inaweza kubeba kwa upana. Ukipandisha unaongeza pikseli tu, sura inabaki ile ile na faili inanenepa. Na umbo la 4 kwa 3 liache hivyo, usimvute bibi harusi apanuke.

Ile mistari inatokana na PAL kurekodi kila fremu kwa nusu mbili zinazopishana kwa sehemu ya 50 ya sekunde. Mkono ukisogea, nusu hizo hazilingani tena. Televisheni za zamani zilionyesha nusu moja moja, kompyuta inazionyesha pamoja.

Mpango wangu ni huu: kata kwanza, bana (punguza ukubwa wa faili) mwisho, na ubane mara moja tu. Kila unapobana upya unapoteza kitu. Kukata tumia LosslessCut, ni programu ya bure na haigusi picha yenyewe. Kwa DV utakata popote unapotaka, maana kila fremu imekamilika peke yake. Zingekuwa MPEG-2 au H.264, mifumo ya kubana inayotegemea fremu jirani, ungelazimika kukata kwenye fremu chache maalumu. Kisha ingiza vipande HandBrake, programu ya kubana, nayo ni ya bure: H.264, RF (kipimo cha ubora) 20, na uwashe Bwdif, kichujio cha kuondoa ile mistari, kwa mtindo wa Bob unaogeuza kila nusu kuwa fremu, huku umeweka fremu 50, ili mwendo ubaki laini. RF ikishuka faili inakua, ikipanda inapungua. Jaribu dakika mbili za watu wakicheza ndipo uamue.

Kitu kinachokula nafasi zaidi ni chembechembe za VHS. Ubanaji unalinganisha fremu na zilizo jirani. Ukuta uliotulia haugharimu karibu chochote, lakini chembe zikirukaruka juu yake programu inazihesabu kama mwendo. Washa hqdn3d, kichujio cha chembe ndani ya HandBrake, kwa kiwango chepesi kabisa. Ukizidisha, nyuso zinakuwa plastiki. Kata uondoe pia ule ukanda unaotetemeka chini ya picha, unameza data bure.

Halafu nyasi kata, sawa, lakini sehemu ya mahema ya wageni usiiguse. Wapiga video wa miaka ile walipitisha kamera polepole kwa wageni, safu baada ya safu, na vijana wengi huniambia niitoe. Siitoi. Mama mmoja wa Ahero alinisimamisha hapo hapo: mumewe ameketi kwenye kiti cha mbao, anamenya njugu na kumpa mtoto wa jirani moja moja, hajui anarekodiwa. Picha zake zingine zote zilikuwa za kusimama wima mbele ya mpiga picha.

MwalimuShinyalu, Kakamega

Naongezea kuhusu kutuma. Kukadiria ukubwa ni rahisi: kila megabiti 1 kwa sekunde ni kama megabaiti 450 kwa saa. Kwenye WhatsApp tuma faili kama hati, sio kama video, vinginevyo itabanwa upya na kuharibika. Hati inaruhusiwa hadi gigabaiti 2, kwa hivyo gawanya kwa matukio. Flashi nyingi zimeumbizwa kwa FAT32, mpangilio wa kuhifadhi faili ambao haikubali faili inayozidi gigabaiti 4. H.265, mrithi wa H.264, hupunguza zaidi, lakini TV za zamani kidogo haziisomi. Kwa mama tumia H.264.

BintiWaLanet, Nakuru

Asanteni sana! Saa moja ya ubatizo imetoka gigabaiti 1.2 na ile mistari imeisha kabisa. Sehemu ya mahema nimeiacha yote. Ila sauti inatoka spika ya kushoto peke yake.

OdhisKamera, Kisumu

Hiyo ni kawaida, kamera nyingi za VHS zilirekodi mono (sauti ya njia moja) na waya umeingia upande mmoja. Kwenye sauti ya HandBrake chagua mono ya kushoto pekee, AAC (mfumo wa kubana sauti) kwa kilobiti 96, itasikika pande zote. Kwa kuwa unabadilisha hilo, rudia kutoka kwenye DV, usitumie ile ya gigabaiti 1.2. Na majina ya faili yaanze na mwaka, kisha tukio na mahali: 1993-harusi-Nakuru. Yatajipanga yenyewe.