Mrejesho: Nimerudi kutoka muhula mmoja wa Ujerumani
Ndugu zangu, mwaka jana niliwauliza kama kuna faida ya kwenda kusoma muhula mmoja Ujerumani nikiwa mwaka wa tatu wa shahada ya uhandisi, au ni bora nimalize kwanza nyumbani. Nimerudi salama, na nawashukuru wote mlionijibu.

Nilifuata ushauri wa kutotegemea mfuko wa mzazi, nikaomba ufadhili wa Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, ambao huchangia nauli na kutoa posho, huku chuo kinachopokea kikiwa hakitozi ada ya masomo. Posho ya kwanza ilichelewa, kwa hiyo yule aliyesisitiza nibebe akiba ya mwezi mmoja aliniokoa na aibu ya kodi ya chumba.

Nilipoteleza ni kwenye makubaliano ya masomo, ile hati inayosainiwa na mwanafunzi pamoja na vyuo vyote viwili. Mlinionya kwamba kila badiliko liandikwe humo. Mimi nilibadili masomo mawili baada ya kufika, nikaridhika na kauli ya mdomo, na idara yangu ikayakataa. Kati ya krediti 30 za ECTS (mfumo wa Ulaya wa kupima uzito wa masomo) nilizosoma zimetambuliwa 20, na sasa nayafidia masomo hayo pamoja na wadogo zangu wa mwaka wa nyuma.

Kwangu safari ilifaa, hasa kwa sababu ya maabara, ambako nilishika mitambo niliyokuwa nikiiona kwenye picha tu. Anayejilipia mwenyewe, hata hivyo, nisingemshauri.