Mjadala: Wasimamizi wa seva waruhusiwe kuunganisha na kuondoa volyumu wenyewe kupitia API?

Mleta mada: Wakuu, kazi hii leo ni ombi moja tu la API, yaani mlango ambao programu hutumia kuuagiza mfumo wa hifadhi: unataja volyumu (diski inayotolewa na mfumo huo), seva au klasta (kundi la seva zinazofanya kazi pamoja), na anwani za kadi zake, yaani WWPN kwa Fibre Channel au IQN kwa iSCSI, njia mbili za kuunganisha seva na hifadhi. Kwa nini basi tuendelee kujaza fomu na kumsubiri mtu wa hifadhi?

Msimamizi wa hifadhi: Kuunganisha hakunisumbui. Balaa ni kuondoa. Skripti ikituma DELETE (ombi la kuondoa) huku mfumo wa faili bado umepachikwa, yaani bado umefunguliwa kwenye seva, na multipath (programu inayosimamia njia kadhaa za kufikia diski moja) imewekwa queue_if_no_path, yaani isubiri tu njia zote zikikatika, programu hazipati hata ujumbe wa kosa. Zinaganda katika hali ya D (kuisubiri diski bila kuweza kusimamishwa), na mara nyingi dawa ni kuwasha seva upya. Utaratibu huanzia kwenye seva: umount, vgchange -an kama kuna LVM (mfumo wa Linux wa kugawa diski), multipath -f, kisha kwa kila njia unaandika 1 kwenye /sys/block/sdX/device/delete. Hapo ndipo uiguse API. Ukiruka hatua hizo, halafu namba ileile ya LUN (namba ambayo seva huionea volyumu) ikapewa volyumu nyingine, njia za zamani zinaweza kuandika juu ya data isiyo yake.

Msimamizi wa seva: Mkuu, hatua zote ulizotaja ni za kwangu! Anayejua kama diski imepachikwa ni mwenye seva, si wewe.

Msimamizi wa hifadhi: Na wewe hujui volyumu hiyo imeunganishwa na nani mwingine. XFS au ext4, mifumo ya faili ya seva moja tu, ikipachikwa kwenye seva mbili kwa pamoja, kila moja inaandika bila kujua ya mwenzake, na mfumo wa faili unaharibika. Tokeni yako (ufunguo wako wa API) ikiona volyumu za mradi wako tu, nitalegeza kidogo.

Mwandishi wa skripti: Mnagombea funguo wakati skripti zenyewe mbovu. API nyingi hurudisha 202 na namba ya kazi. Maana yake ombi limepokelewa, si kwamba limetekelezwa. Fuatilia kazi mpaka ikamilike. Muda ukiisha, soma kwanza hali ilivyo kabla ya kutuma tena. Hata ikikamilika, kama zoni za swichi (ruhusa za nani aonane na nani kwenye mtandao wa hifadhi) hazijawekwa, seva haioni kitu. Tambua diski kwa WWID, kitambulisho chake cha kudumu. Jina kama /dev/sdb linaweza kubadilika seva ikiwaka upya. Na kwenye klasta, unganisha na klasta nzima kwa namba moja ya LUN. Ukiunganisha na nodi moja (seva moja ya klasta), mashine pepe haitaweza kuhamia nodi nyingine.

Mleta mada: Basi tugawe: kuunganisha kuwe huru ndani ya mradi, na kuondoa kukubaliwe tu kama volyumu haijasomwa wala kuandikwa kwa saa 24.

Msimamizi wa hifadhi: Saa 24 hazithibitishi kitu. Volyumu ya ripoti za mwisho wa mwezi inakaa kimya wiki tatu, na bado imepachikwa.

Msimamizi wa seva: Kwa hiyo kipimo kitoke kwenye seva. Ajenti ithibitishe kwamba WWID haipo tena kwenye multipath -ll (orodha ya diski na njia zake) ya nodi yoyote, ndipo DELETE ipite.

Msimamizi wa hifadhi: Hiyo naikubali. Seva iliyokufa je, nani ataithibitishia?