Mnaovunja TV za chogo kwa ajili ya shaba, Mbeya mpaka Iringa: acheni!

Wakuu, hili limezidi. Kila nyumba ikinunua flati, chogo linaenda kwa mtu wa skrepa, na yeye anajua kifaa kimoja tu: nyundo. Anapiga shingo, anang'oa yoki (koili za shaba zilizovaa shingo), anabeba flaibaki (transfoma ya volti kubwa) na waya. Kioo kinabaki mtaroni, na mvua za huku mnazijua, kinateremka mpaka kwenye bustani za mchicha bondeni.

Hicho kioo si chupa ya soda. Cha mbele kina bariamu na strontiamu. Faneli ya nyuma ina oksaidi ya risasi zaidi ya asilimia 20, na shingo, palepale mnapopiga, inazidi hapo. Iliwekwa makusudi kuzuia eksirei, maana TV ya rangi ya inchi 21 inafanya kazi kwa volti 25,000 hivi. Unga uliopakwa ndani ya kioo ni fosfa, ile inayotoa mwanga wa picha, na za zamani zina kadimiamu. Halafu mtu anaupuliza kwa mdomo!

Na shaba yenyewe iko wapi? Koili ya degausi (ya kufuta usumaku), ile pete inayozunguka kioo, kwenye TV nyingi za miaka ya mwisho ni alumini yenye vanishi. Kwangua kwa wembe uone.

Kama lazima uifungue, chomoa umeme kwanza. Tafuta bisibisi bapa ndefu yenye mpini usio na ufa, funga waya kwenye chuma chake, na ncha ya pili ibane kwenye waya mtupu uliosukwa unaopita mgongoni mwa chogo. Usibane kwenye hitisinki (bati la kupoza) ya sehemu ya pawa. Mkono mmoja uweke mfukoni, ingiza bisibisi chini ya kikombe cha mpira, pale waya mnene wa flaibaki unapoingia kwenye kioo, mpaka usikie "ta!" Subiri dakika chache urudie, kwa sababu chaji hujirudisha. Kapasita kubwa ya pawa inaweza kubaki na volti 300 na ushee: weka rezista ya kilo-om 10, wati 5, kwenye miguu yake miwili kwa sekunde 15. Wanaoishoti kwa bisibisi ndio wanaolipua.

Sasa hewa: ndani ya kioo haimo, lazima uiingize taratibu, na hapa ndipo wengi wanaumia. Funika kioo kwa gunia, vaa miwani na glavu. Chomoa bodi ya shingo, toa kofia ya plastiki yenye pini. Katikati kuna chuchu ya kioo. Ikate ncha kwa plaizi, utasikia mluzi mwembamba. Ndipo ulegeze klempu, utoe kabari za mpira, uvute yoki. Kioo kinabaki kizima. Ukianza na nyundo, hewa ya nje inakibonyeza kwa ghafla na vipande vinaruka usoni.

Kinachoudhi zaidi, mengi ni mazima, tatizo ni dogo tu! Mstari mmoja mlalo katikati ni IC ya vetiko (inayotandaza picha juu na chini) au lehemu iliyoachia. Mlio wa kutatarika, hasa kwenye unyevu wa Tukuyu na Njombe, ni vumbi chini ya kile kikombe: toa chaji, futa kwa spiriti, kausha. King'amuzi kinaingia kwa waya zilezile tatu za AV, njano, nyeupe na nyekundu. Hiyo flati yenu, LED moja (kitaa cha nyuma ya kioo) ikikatika kwenye mstari, giza.

Kanuni za taka za kielektroniki za 2021 zipo. Anayejua nani anapokea vioo hivi Nyanda za Juu Kusini aandike hapahapa, inboksi hapana.