Kina Ali wa Lamu: akika ya Jumamosi

*JUMATANO*

Shangazi Esha 07:12
Asalaam alaikum wanaukoo. Jumamosi mtoto wa Salim na Zuhura anatimiza siku saba. Mbuzi sijanunua hata mmoja, jina sina, na michango ni hii tu:
Esha 3000
Rukia 2000
Bi Mwanajuma mchele kilo 10
Ali 1500
Wengine mko wapi? Nawaona mmesoma.

Shangazi Esha 07:13
Na huyo Ali ni Ali gani? Kwenye M-Pesa imeingia ALI MOHAMED. Humu kina Ali Mohamed ni watatu na nambari haionekani yote.

Ali Posta 07:40
Ni mimi.

Ali Mashine 07:41
Ni mimi shangazi 😂

Shangazi Esha 07:41
Msinichezee asubuhi hii.

Ali Posta 07:44
Mimi. Nilituma jana baada ya Isha.

Ali Mashine 07:45
Ami, jana baada ya Isha ulikuwa Mkunguni wacheza dhumna, simu yako iko chaji dukani kwangu.

Ali Posta 07:52
Kwani chaji inazuia pesa kutoka?

Shangazi Esha 07:53
Haya ndiyo yaleyale ya msiba wa Ma Khadija. Elfu tano za Ali Shela zikaandikwa Ali Posta, na mpaka leo kuna watu hawakai baraza moja.

Rukia 07:58
Shangazi, hayo tuliyamaliza.

Shangazi Esha 07:58
Mliyamaliza nyinyi.

Salim 12:55
Shangazi samahani, nilikuwa kazini. Kuhusu jina, mimi na mama mtoto tumefikiria Rayyan.

Shangazi Esha 12:56
Nani?

Salim 12:56
Rayyan.

Shangazi Esha 12:59
Mtoto wa kwanza wa kiume. Babu yako Ali yu hai, anakaa Mkomani palepale, kila siku anauliza kajukuu kake kamelala vipi. Wewe wataka Rayyan.

Salim 13:06
Ndiyo hayo shangazi. Ali wametosha. Hata elfu moja na mia tano haijulikani imetoka kwa nani. Ukisimama Langoni ukaita Ali wageuka watu ishirini, na mmoja wao ashaanza kukudai. Mtoto nataka ajulikane kwa lake.

Ali Mashine 13:07
Rayyan wako watatu kwenye chekechea ya nyuma ya duka langu 😂😂 Jana mmoja kamuuma mwenzake, mwalimu akamwita mama asiye wake

Shangazi Esha 13:15
Sawa. Kila mtu alete Ali mmoja hapa. Wa kweli, wa tarikhi, si wa hadithi. Sayyidna Ali hatumwingizi kwenye mashindano, huyo yuko juu ya kikundi hiki. Leteni wengine, Salim aone jina analolikimbia.

Ali Mashine 13:16
Ali Kiba

Shangazi Esha 13:16
Nimesema wa tarikhi.

Ali Mashine 13:16
Atakuwa wa tarikhi, subirini

Ali Posta 13:31
Muhammad Ali. Kinshasa, 30 Oktoba 1974. George Foreman alikuwa anawaangusha watu kama minazi, na Ali keshatimiza miaka 32, kila mtu anamhurumia. Akajiegemeza kwenye kamba, akampa mwenzake mwili aupige mpaka mikono ikachoka. Raundi ya nane Foreman chini. Sisi tulisikiliza redioni, nyumba nzima, hata marehemu mama aliyekuwa haujui mchezo wenyewe.

Ali Posta 13:36
Na mnasahau alikuja mpaka Kenya. 1980. Rais Carter alimtuma azunguke Afrika awaambie watu wasiende Olimpiki ya Moscow. Kenya ikabaki nyumbani. Tanzania, Nyerere hata kuonana naye hakukubali, na timu yake ikaenda ikarudi na medali mbili za fedha.

Salim 13:40
Ami, huyo alizaliwa Cassius Clay. Ali hakupewa na babake wala babuye, alilichukua 1964 akiwa na miaka 22.

Ali Posta 13:42
Ndiyo nikwambie! Mtu mzima, bingwa wa dunia, ana jina lake lishajulikana kote, akaliweka chini akalichukua hili. Watu Marekani wakakataa kumwita, akapigana nao nalo hilo. Wewe umelikuta nyumbani bure, unalikwepa.

*(Watu 9 wameweka 🔥)*

Rukia 14:20
Niko mapumziko. Mimi nina wawili.
Ali Mazrui. Kazaliwa Mombasa 1933, kasomesha Makerere, kisha Marekani miaka na miaka. Ndiye aliyewaambia walimwengu kwamba Mwafrika ana urithi wa namna tatu, wa kwao, wa Kiislamu na wa Kizungu. Alifariki huko Marekani 2014 akarudishwa kuzikwa kwao, makaburi ya Wamazrui karibu na Fort Jesus.
Wa pili Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa. Kapokea nchi kwa Nyerere 1985, maduka hayana sabuni, akafungua milango ya biashara. Miaka kumi akaondoka zake kwa salama. Kafa 2024 akikaribia miaka 99.

Rukia 14:22
Na Sonni Ali, mfalme wa Songhai huko Afrika Magharibi, aliyeiteka Timbuktu 1468. Kumbe watatu.

Ali Mashine 14:23
Timbuktu boti inatoka saa ngapi 😂

Shangazi Esha 14:24
Ali Mashine, mchango wako?

Ali Mashine 14:24
Nishatuma ile 1500

Ali Posta 14:25
Ile ni yangu.

Mjomba Kasim Malindi 21:34
Waalaikum salaam. Sisi huku Malindi tumesoma yote tukanyamaza, maana sisi ni wageni humu. Lakini mmewasomba kina Ali kutoka Kongo na Timbuktu, mkamruka aliyekuja mpaka mlangoni kwenu. Mir Ali Bey, Mturuki. 1585 alishuka pwani kutoka Bahari ya Shamu. Hakuwa na jeshi la maana, alikuwa na maneno: anasema nyuma yake yaja majahazi ya Sultani. Miji ikamfungulia, wa kwanza Mogadishu. Malindi ndiyo iliyokataa.

Mjomba Kasim Malindi 21:38
Nahodha mkuu wa Wareno wa pwani hii, Roque de Brito, akakimbilia Lamu kujificha. Lamu ikamtoa. Akachukuliwa mateka mpaka Uturuki na hakurudi.

Ali Mashine 21:39
Hongera Lamu 💪

Mjomba Kasim Malindi 21:45
Ngoja umalize. 1588 akarudi, safari hii akajenga ngome yake Mombasa. Wareno wakaja na majeshi ya Goa, makao yao Bara Hindi, 1589. Yeye kageuza mizinga baharini, nyuma yake ng'ambo ya kivuko wamesimama Wazimba, waliopanda kutoka upande wa Zambezi wakila miji njiani. Akaona bora Mreno. Akakamatwa, akapelekwa Goa, kisha Ureno. Na mwaka huohuo mfalme wenu wa Lamu akakatwa kichwa kwa kumtoa yule nahodha. Ali mwenyewe hakukatwa kitu.

Rukia 21:47
Ni kweli, kasoro moja: Mombasa ndiyo iliyoumia zaidi. Wazimba waliingia mjini.

Ali Mashine 21:48
Mjomba na habari za huyu Ali zilifikaje Goa? 👀 Nani alikuwa amekaa na Mreno wake nyumbani anamwandikia barua

Mjomba Kasim Malindi 21:50
Malindi ilikuwa na urafiki wa zamani na Wareno.

Ali Mashine 21:50
Tangu Vasco da Gama 1498! Mpaka nguzo yake mnayo pale ufukweni watalii wapiga picha 😂😂😂

Mjomba Kasim Malindi 21:57
Sisi mgeni akija tunampokea. Harusi ya Zuhura tulifika Mokowe, gati ya bara, wakati wa Magharibi, watu kumi na wanne, hakuna wa kutupokea, hakuna boti. Mama yangu na goti lake alilala kwenye benchi la gati kajifunika leso.

*(Ujumbe huu umefutwa)*

Shangazi Esha 22:03
Boti ilikuwepo.

Mjomba Kasim Malindi 22:03
Ilikuwepo Lamu.

Mjomba Kasim Malindi 22:05
Na lile sufuria kubwa mliloazima halijarudi. Sisemi zaidi.

Zuhura 22:40
Mama mtoto nipo humu, mwanijadili kama nishazikwa. Mimi sina neno na Ali. Sina neno na Rayyan. Neno langu ni kuulizwa mwisho. Sasa mtoto kalala, zimeni simu.

*ALHAMISI*

Shangazi Esha 06:20
Mbuzi mmoja nimelipa mimi. Wa pili bado. Tunazungumza Waturuki, mbuzi hakuna.

Rukia 09:48
Niko kwa babu. Amenitaka nimsomee yote tangu jana, nikamsomea, hata ya sufuria. Amesema niandike kama anavyotamka, nisitengeneze. Haya:

"Wanangu, nimesikia. Mumemtaya mpiga ngumi, mumemtaya mfalme wa Timbuktu, mumemtaya hata yule Mturuki alowatia Waamu taabuni. Wote watu wazito. Sikusikia hata mmoya kumtaya Habib Ali.

Habib Ali bin Muhammad al-Habshi, wa Seiun, Hadhramaut. Kula mwaka Mfungo Sita mwaketi msikiti wa Riyadha usiku kucha mwasoma maulidi, mwapiga matwari, mwalia. Maulidi hayo ni yake yeye. Habib Swaleh ndiye aloyatia mui huu, na wakubwa wa mui walikasirika, wakasema matwari msikitini ni nini. Hata ina la Riyadha ni la msikiti wa Habib Ali kule Seiun. Baba yangu alikuwa kijana, akasimama ukutani kuyasikiliza, akaweka nadhiri. Mimi ndimi nadhiri yenyewe. Ina si langu, nimeshikishwa.

Mwana ni wa babake na mamake. Salim, mpe utakalo, sitakasirika. Ila ulimi wangu ushazoea moya.

Na ya Mokowe nimeyasikia leo. Jumamosi nitakwenda gatini mimi mwenyewe kumpokea mamake Zuhura."

Rukia 09:51
Mwisho wa maneno yake. Amenyamaza, anatafuta kofia.

Ali Posta 10:02
Subhanallah.

Bi Mwanajuma 10:30
Maulidi ya Habshi nimeyasoma tangu niko msichana na sikuwahi kujiuliza Habshi ni nani.

Rukia 10:33
Alifariki 1915 huko huko Seiun, kwa anayetaka kujua.

Ali Mashine 10:35
Babu apande boti na kile kiuno? Maji yamepwa Jumamosi asubuhi, ngazi ya gati ni ile ya chini kabisa yenye kutu.

Rukia 10:36
Mwambie wewe. Mimi nimejaribu, ameniuliza kama mimi ni daktari.

Mjomba Kasim Malindi 11:20
Mama amesomewa. Amelia kidogo. Anasema mzee asijisumbue kwa vyovyote, na anasema pia atavaa lile buibui jipya.

Salim 13:02
Nimesoma babu.

Shangazi Esha 13:02
Umesoma ndiyo nini? Ali ama si Ali?

Bi Mwanajuma 13:20
Ali Rayyan?

Shangazi Esha 13:21
Majina mawili ni ya pasipoti. Mtu huitwa moja.

Ali Posta 13:25
Ali Rayyan naye ataandikwa ALI RAYYAN SALIM. Angalau M-Pesa itamjua.

Salim 15:47
Nipeni nizungumze na Zuhura kwanza. Jana mliona alivyosema.

*(Zuhura ameweka 👍. Haijulikani kwa ujumbe upi, umefutwa.)*

Mjomba Kasim Malindi 19:10
Tunapanda basi la alfajiri Jumamosi. Tutakuwa watu tisa.

Shangazi Esha 19:11
TISA?

Mjomba Kasim Malindi 19:15
Pamoja na watoto. Twaja na maembe na halwa, na tutarudi na sufuria.

Ali Shela 23:52
Salaam. Ile 1500 ya Jumanne ni yangu. Sikuwa na chaji.

Rukia 23:53
😂😂😂😂

*IJUMAA*

Shangazi Esha 05:38
Nimeamka na hilo. Kwa hivyo Ali Posta na Ali Mashine hamjatoa hata senti, na mlikuwa mnagombania pesa ya mwenzenu siku mbili.

Shangazi Esha 05:40
Mbuzi wa pili ameonekana Matondoni, mwenyewe anataka elfu tisa na hapunguzi. Boti ya Mokowe nani anaichukua ili babu asipande? Ali Mashine, mashine yako inafanya kazi? Salim, jina nalitaka kabla ya sala ya Ijumaa, imamu ameniuliza mara mbili. Nijibuni kwa mpango, si kwa vicheko.

Shangazi Esha 06:55
Watu 31 wamesoma.

Ali Posta 07:30
Nitatoa baada ya Ijumaa inshallah.

Ali Mashine 07:48
Mashine inafanya kazi, mafuta ndiyo hakuna. Hizo elfu tisa muulizeni Ali Shela, ndiye mwenye chaji sasa