Boti ya tanga ya mita 3.60 kwa triplexi: maungio, sanduku la derivi na mlingoti

Fundi_Nguba (Bukavu)

Jambo bafundi. Niko na atelie ya mita 5 kwa 3 nyumbani, nataka kushona (kuunga kwa waya na kole, yaani gundi) boti ndogo ya tanga kwa triplexi (plaiwudi) ya milimita 6. Urefu mita 3.60, upana 1.40, ya watu wawili, ya kuzunguka karibu na mji kwenye Ziwa Kivu. Si mtumbwi wa kuchonga, wala boti ya mbao nene kama zile za mizigo. Tanga ni la mita mraba 5.5. Mfano wa kadibodi, moja kwa kumi, umefunga vizuri.

Yanayonikwamisha: triplexi ya dukani ina mita 2.44 tu, na nyingi haina muhuri wowote. Fundi wa karoseri (mabodi ya magari) ananiambia nitumie poliesta yake, ni rahisi kuliko epoksi (kole ya kuchanganya na dawa ya kugandisha). Na derivi (ule ubao unaoshuka majini katikati) sijui niuweke wapi hasa, wala sanduku lake, lile linalopitisha derivi sakafuni, lizuiwe vipi lisivuje. Mwisho, mlingoti: karatusi nyoofu ziko nyingi. Zinafaa?

Mbao_na_Randa (Bukavu)

Anza na triplexi, kwa sababu ikiwa mbaya hayo mengine yote ni kazi bure. Kata kipande cha senti (sentimita) 10 kwa 10, kichemshe masaa manne, kiache juu ya mbabula (jiko la makaa) kikauke siku nzima, kisha kichemshe tena masaa manne. Halafu ingiza patasi kati ya tabaka na uibandue. Ikichanika na kuacha nyuzi za mti pande zote mbili, kole ni nzuri. Ikibanduka safi kama ganda la ndizi, ni ya dari la nyumba; rudisha. Angalia pia ukingo wa kila karatasi ya triplexi: ukiona matundu katikati ya tabaka, hapo maji yatakaa na mbao itaoza kutoka ndani wakati rangi ya juu bado inang'aa.

Utahitaji karatasi nne. Unaziunga mbili mbili kwa mshazari, kipimo 8 kwa 1, yaani milimita 6 inakupa mshazari wa milimita 48. Zipange zote nne juu ya meza kama ngazi, kila moja ikirudi nyuma ya mwenzake kwa milimita 48, kisha upige randa zote pamoja. Hauhitaji mashine. Tabaka za triplexi zenyewe zinakuonyesha: kila tabaka inatokea kama utepe wa rangi yake. Tepe zikiwa nyoofu na upana sawa, mshazari uko sawa. Utepe ukipinda, hapo randa imekula kupita kiasi. Karatasi mbili zikiungwa unapata mita 4.83. Ukikata 3.60, kinachobaki ni cha viti na sanduku.

Kwenye kuunga, wengi wanaharibu hivi: wanapaka epoksi nzito mara moja na kubana kwa nguvu zote. Ule mshazari unakunywa kole kama mkate, na kibano kinakamua iliyobaki. Paka kwanza epoksi nyepesi pande zote mbili, ngoja dakika 10 hadi 15, ongeza palipofifia. Ndipo uweke ile uliyoinenepesha kwa unga wa mbao unaotoka kwenye msasa (si vumbi la msumeno, ni la chembe kubwa). Weka sashe (mfuko wa plastiki) chini na juu, pigilia misumari miwili midogo ili karatasi zisiteleze, bana kiasi tu mpaka kole itokeze ukingoni.

Poliesta hapana. Inashika fibra (nyuzi za kioo) juu ya fibra vizuri, lakini mti unapovimba na kunywea inaachia, maji yanapita chini yake bila wewe kuona. Kole nyeupe ya seremala nayo hapana.

Epoksi upime kwa mizani, uwiano wa uzito ule ulioandikwa kwenye kopo. Kuongeza dawa ya kugandisha hakuharakishi kitu. Kunakuachia kole laini milele. Changanya gramu 150 au 200 kwa mara moja na uimwage kwenye sahani pana, kwa sababu ikibaki kwenye kikombe inajichemsha yenyewe na kuganda mkononi. Majira ya mvua utakuta juu yake utelezi kama nta. Uoshe kwa maji na kitambaa cha kukwaruza kabla ya tabaka inayofuata. Msasa pekee unausambaza tu.

Kushona: waya wa shaba wa umeme wa nyumba, wa milimita mraba 1.5, uliovuliwa plastiki. Tundu za milimita 2, umbali wa senti 10 (7 penye kona kali), milimita 10 kutoka ukingoni. Usikaze zote mara moja. Kabla ya kole yoyote, laza fito mbili nyoofu juu ya boti, moja mbele na moja nyuma, usimame nyuma utazame kama zinalingana. Boti iliyojipinda hainyooki tena baada ya kole.

Himbi_Ziwani (Goma)

Mukubwa hapo juu amemaliza habari ya kole. Mimi naongeza ya derivi.

Ukubwa: asilimia 4 ya tanga. Kwa mita mraba 5.5 ni mita mraba 0.22, yaani ubao wa senti 28 ukishuka senti 80 chini ya boti. Unene milimita 22. Pa kuuweka, kata umbo la tanga kwenye kadibodi, uliegemeze juu ya ncha ya msumari mpaka litulie: hicho ndicho kitovu cha tanga. Kwenye mchoro kitovu hicho kikae mbele kidogo ya katikati ya derivi. Derivi ikienda mbele mno, boti inataka kugeukia upepo kila mara na usukani unakuchosha mkono. Ikirudi nyuma mno, inakimbia upepo, na hiyo ndiyo hatari wakati dhoruba inapokuja ghafla kutoka milimani.

Sanduku huvuja chini, pale linapokutana na sakafu, kwa sababu derivi ni wenzo: maji yanausukuma upande na nguvu yote inafika kwenye ule mstari mmoja. Weka mbao za milimita 40 kwa 40 pande zote mbili, juu ulifunge kwenye kiti cha katikati. Ndani ya sanduku paka epoksi tabaka tatu na kitambaa cha fibra KABLA ya kulifunga. Baadaye mkono hauingii. Nafasi ya ndani ya kupitisha derivi iwe milimita 26, na mdomo wa juu upite usawa wa maji kwa senti 15.

Kama utafika huku Goma, kumbuka mawe. Lava ya volkano Nyiragongo ya 2002 iliingia ziwani, na ufuko wa aina hiyo unakwaruza kama msasa mkubwa. Chini weka fibra tabaka mbili na fito tatu za mti mgumu zilizofungwa kwa visi (skrubu), uzibadilishe zikilika. Visi ni za shaba nyekundu-njano au chuma cha pua. Maji hayana chumvi ya bahari wala wadudu wanaotoboa mbao, lakini kutu iko palepale.

Bidoni (madumu) sita za lita 20 zilizozibwa zifungwe chini ya viti, mbili mbele, mbili katikati, mbili nyuma. Kila lita ya hewa inabeba karibu kilo moja. Zisizofungwa zitaelea zenyewe na kukuacha.

Tanga_Kivu (Bukavu)

Karatusi hapana. Ni nzito, na ikikauka inajisokota na kupasuka. Chukua siprese, mbao mbili zenye nyuzi nyoofu, uzigandishe mgongo kwa mgongo ili mmoja akitaka kupinda mwenzake amzuie. Urefu mita 3.60, unene milimita 65 pale inapopita kwenye kiti, 40 juu. Mafundo makubwa yasiwe karibu na kiti. Hapo ndipo mlingoti unavunjikia.

Fundi_Nguba (Bukavu)

Aksanti sana. Tanga la bashi (turubai) la plastiki linafaa kwa kuanzia?

Tanga_Kivu (Bukavu)

Linafaa msimu mmoja, jua linaliua. Ukingo wa mbele usiukate nyoofu: uache utokeze senti 3 katikati, ndipo tanga lipate tumbo. Shona kamba ndani ya pindo pande zote nne, uzi wa poliesta, si wa pamba.