Mikato ya Waholanzi kwenye Kiingereza: nifute au niache?

MhaririMgeni:
Habari za humu wakuu. Nimepewa kazi ya kuhariri ripoti ya Kiingereza iliyoandikwa na timu ya Waholanzi. Kiingereza chao kimenyooka, msamiati hauna shida, ila alama za uakifishaji zinanivuruga. Mkato unatokea nisipoutarajia, kisha ninapouhitaji haupo. Mfano: "The farmers who lost their cattle, received compensation." Naona kama wamesahau mkato wa kwanza, baada ya "farmers". Niuongeze? Na hizi "photo's" zimetoka wapi?

KalamuNyekundu:
Usiuongeze! Nimesahihisha tasnifu za Waholanzi na Wabelgiji wa Flanders, ambao nao huzungumza Kiholanzi, kwa miaka sasa, na huo mkato mmoja ndio ninaouogopa kuliko mingine yote.

Kiholanzi hupenda kutenganisha vitenzi vya vishazi viwili vinapokutana. "De boeren die hun vee verloren, kregen schadevergoeding." Ni sentensi yako ileile kwa Kiholanzi: verloren (walipoteza) na kregen (walipata) zimegusana, basi mkato unaingia katikati. Hapo wanatajwa wakulima waliopoteza mifugo tu. Mholanzi akitaka kusema kwamba wakulima wote walipoteza, anaongeza mkato mwingine kabla ya "die". Yaani kwao mkato mmoja ni baadhi, miwili ni wote. Kwenye Kiingereza miwili pia ni wote, lakini baadhi hawapewi hata mmoja. Sasa wewe ukiongeza wa pili kwa nia njema, umeshawalipa fidia wakulima wote! Futa uliopo. Na kwa kuwa hapo kuna pesa za watu, muulize mwandishi kwanza alimaanisha akina nani.

Ule unaoukosa nadhani ni wa baada ya "However". Kwenye sentensi ya kawaida ya Kiholanzi kitenzi hushika nafasi ya pili: "Daarom kregen de boeren..." (Kwa hiyo wakulima walipata...). Neno la kwanza na kitenzi vimeshikana, mkato hauna pa kukaa. Ndiyo maana wanakuandikia "However the farmers refused". Weka mkato, songa mbele, hilo halihitaji kuulizwa.

Ritifaa, yaani alama ya ' kwenye "photo's", nayo ina sababu. Neno la Kiholanzi likiishia na irabu moja kati ya a, i, o, u, au y kama ya baby, wingi wake huchukua ritifaa: foto's, taxi's, baby's. Bila hiyo, o ya foto ingesomwa fupi. Umiliki ndio ambao mara nyingi huenda bila ritifaa, "Jans boek" (kitabu cha Jan). Kwa hiyo utakuta "photo's" na "Peters report" ukurasa mmoja, na kwa mwandishi zote mbili zinaonekana safi.

MzeeWaSarufi:
Mnawaonea bure. Waingereza wenyewe wanaandika "apple's" kwenye vibao vya sokoni, hadi kosa hilo wamelipachika jina la wauza mboga.

KalamuNyekundu:
Kweli mzee wangu, ila Mwingereza hukosea popote. Mholanzi atakuandikia "video's", lakini "table's" ni nadra, kwa sababu kwao meza nyingi ni tafels, bila ritifaa. Kosa lake lina kanuni, na kosa lenye kanuni linasakika. Mhariri, tafuta o's, a's, i's na y's kwenye faili, utazikamata karibu zote. Angalia tu usifute za umiliki halali.

MhaririMgeni:
Asante sana mkuu. Kuna majedwali pia. Safu moja ina 1.250, inayofuata ina 3,5. Mahali pengine wameandika "€ 2.500,-". Hiyo mistari ya mwisho ni nini tena?

KalamuNyekundu:
Kistari kinamaanisha hakuna senti. Andika €2,500, tena bila nafasi baada ya alama ya euro. Kwao nukta hutenga maelfu na mkato hutenga desimali, kwa hiyo 1.250 ni elfu moja mia mbili na hamsini, nayo 3,5 ni tatu na nusu.

Usikimbilie kubadilisha zote kwa amri moja. Ukigeuza nukta kuwa mikato, halafu mikato kuwa nukta, mwisho wa siku zote zitakuwa nukta. Geuza nukta ziwe # kwanza, kisha mikato iwe nukta, halafu # ziwe mikato. Fanya hivyo ndani ya majedwali tu, usiguse maandishi. Na kagua kila jedwali kabla ya kuligusa: lililonakiliwa kutoka chanzo cha Kiingereza litakuwa tayari limeandikwa Kiingereza, ukiligeuza unaliharibu.